Kazi ya Angani Wakati wa Magharibi

Ndege mmoja aina ya kweleakwelea hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, kadiri ambayo mkulima angeweza kuisamehe. Lakini kundi la milioni moja humaliza tani 10, na mwenye mpunga Mbarali au mtama Dodoma, ambaye amepiga madebe na kurusha mawe kwa teo tangu alfajiri hadi sauti ikamkauka, hana budi kungoja eropleni ya dawa. Ikija huishangilia, aliyemo ndani yake, aghalabu, hamfikirii.

Naye huyo afanya kazi saa iliyo mbaya kuliko zote. Ndege hutawanyika mchana kutwa na kurejea malaloni jua likichwa, na hapo, katika dakika chache baina ya magharibi na giza, rubani hupita chini chini juu ya migunga na matete, akimwaga sumu ya fenthioni juu ya wingu la viumbe wanaoweza kumziba kioo ghafula, kisha hana budi kuwahi kiwanja cha porini kisicho na taa hata moja.

Kwa rubani, kimo ni akiba. Injini ikizimika akiwa juu, anao muda wa kuchagua pa kutua; akiwa mita chache juu ya mimea, hana. Tena hatari haikai sana katika mstari ulionyooka bali penye kugeuka, pale eropleni iliyosheheni dawa inapoinuliwa mwisho wa shamba na kulazwa ubavu, mwendo ukapungua, bawa likashindwa kubeba, na ardhi ikawa karibu mno kwa kosa kusahihishwa.

Huko Marekani, ambako kazi ya kumwagia mimea dawa kwa eropleni ilianza, jimboni Ohio, mwaka 1921, adui mkubwa ni waya wa umeme. Marubani mahiri hutafuta nguzo, kwa kuwa waya wenyewe hauonekani. Na si wachache waliougonga waya walioujua vema, fikira zikiwa zimehamia kwingine.

Sumu nayo haina haraka. Hupenya ngozi bila kuuma, ikasinyaza mboni za macho na kutia ukungu mbele ya mtu ambaye uhai wake wote uko machoni. Kwa hiyo damu ya rubani yapaswa kupimwa kimeng'enya ambacho sumu hiyo hukidhoofisha, kabla ya msimu na katikati yake, na kipimo kikishuka azuiliwe kuruka, hata kama mpunga umeiva na wakulima wanapiga simu wilayani.