Kansa ya tumbo: askari wa mwili ndani ya uvimbe wanaeleza nini kuhusu maisha ya mgonjwa?

Wagonjwa wawili wanaweza kuwa na kansa ya tumbo ya kiwango kimoja, wakapata matibabu sawa, lakini mmoja akaishi miaka mingi kuliko mwenzake. Sehemu ya jibu iko ndani ya uvimbe wenyewe: chembe za kinga zilizoingia humo ni ngapi, na ni za aina gani?

Chembe hizo ni askari wa mwili. Zile ziitwazo T CD8 huua chembe za kansa. Zikijaa ndani ya uvimbe, mara nyingi mgonjwa ana matumaini zaidi. Lakini si kila askari husaidia. Kansa inaweza kugeuza makrofaji, ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu, zikaanza kuilinda na kuizidishia mishipa ya damu.

Mwaka 2014, watafiti walichunguza uvimbe 295, wakaigawa kansa hii katika aina nne. Moja, karibu 9 kwa mia, hubeba virusi vya Epstein-Barr, ambavyo vinahusishwa pia na limfoma ya Burkitt, uvimbe wa taya unaopata watoto katika ukanda wetu. Aina hiyo huwa na chembe nyingi za kinga, na wagonjwa wake kwa kawaida huishi zaidi.

Ujuzi huo unasaidia kutumia imunoterapi, yaani dawa zinazoondoa breki ambayo kansa huwafungia askari wa mwili. Mwaka 2021, utafiti wa kimataifa ulionyesha kwamba dawa ya nivolumabu ikiongezwa kwa kemoterapi, nusu ya wagonjwa wenye alama za kutosha za PD-L1, ambao kansa yao ilikuwa imeendelea sana, waliishi zaidi ya miezi 14, badala ya 11.

Ni miezi mitatu tu, na dawa hizo ni ghali sana. Kwa mkaaji wa Goma ao Bukavu, nafasi kubwa zaidi iko mwanzoni. Bakteria Helicobacter pylori, ambayo wengi huipata utotoni, ndiyo chanzo kikubwa cha kansa hii, na inatibiwa kwa antibiotiki.

Maumivu ya tumbo yasiyoisha, kukonda bila sababu, kutapika damu ao choo cheusi: usijitibu kwa vidonge vya vidonda vya tumbo miezi na miezi. Nenda kwa wanganga wakupime mapema, kabla askari wako hawajalemewa.