Kuutambua Mbuni kwa Jani, Tunda na Ua Lake

Kabla ya kuwa zao la shambani, mbuni ulikuwa kichaka cha msituni. Asili ya robusta ni misitu ya mvua inayotoka Afrika Magharibi na kupitia bonde la Kongo hadi Uganda na kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako huota kivulini chini ya miti mirefu. Wahaya waliitafuna kahawa hiyo, ikiwa imechemshwa na kukaushwa, tangu kabla ya ukoloni. Arabika asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia. Mkoani Kagera zote mbili hulimwa, hivyo mkazi wa Ngara au Biharamulo anayeuziwa miche hana budi kujua anachouziwa.

Majani ya mbuni huota mawili mawili yakielekeana, na baina ya vikonyo vyake pana kijani kidogo chenye ncha. Mche usio na alama hiyo si mbuni. Jani la robusta ni kubwa, pana, lenye mawimbi baina ya mishipa. La arabika ni dogo zaidi, laini na hung'aa. Tunda la robusta ni la mviringo, hushikamana kwa vichala vizito na hubaki tawini hata likiiva, ilhali la arabika ni refu kidogo na likiiva sana hudondoka.

Ua ni jeupe, lenye harufu inayokaribia ya asumini. Matumba hulala wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha, baada ya takribani juma moja shamba zima huwa jeupe, na siku mbili tatu baadaye maua hunyauka.

Katika ua hilo ndimo ilimo tofauti isiyoonekana kwa macho. Arabika hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mbegu yake kwa kawaida hufanana na mama. Robusta haiwezi kujichavusha: ni lazima ipokee chavua ya mti mwingine wa aina tofauti, iletwayo na upepo au nyuki. Mbegu iliyookotwa chini ya mti wa robusta unaozaa sana basi ina baba asiyejulikana, na mche wake waweza kuzaa vizuri au kumpotezea mkulima miaka mitatu ya palizi. Ndiyo sababu robusta bora huzalishwa kwa vikonyo vinavyokatwa kwenye maotea yaliyosimama wima; kikonyo cha tawi la pembeni hutoa mmea unaotambaa. Kwa sababu hiyohiyo shamba la robusta halipandwi aina moja ya vikonyo peke yake, kwani maua yatakuwa mengi na matunda machache.

Uchaguzi wa mche una uzito zaidi tangu mnyauko fusari ulipogunduliwa Kagera mwaka 1997. Ugonjwa huu hushambulia robusta. Majani hugeuka manjano, hupukutika, na mti hufa. Hauna tiba: mti ulioambukizwa hung'olewa na kuchomwa papo hapo, bila kuburutwa shambani. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), kupitia kituo chake cha Maruku, imezalisha aina za robusta zinazoustahimili.

Ua hilohilo ndilo linalouzwa katika butura, biashara ya kununua kahawa ingali shambani, ambayo serikali imeipiga marufuku. Kutoka ua hadi tunda bivu, robusta huchukua miezi 9 hadi 11. Anayeuza maua huuza mavuno ambayo yeye wala mnunuzi hajui uzito wake, na bei ya namna hiyo ni nadra kumwelemea mnunuzi.

Mkulima mwenye mashaka kuhusu mche, au aliyeona mti unaonyauka, amwite afisa kilimo wa kata yake kabla ya kupanda au kung'oa. Miche inunuliwe katika vitalu vinavyotambuliwa na halmashauri, na muuzaji aulizwe mama wa vikonyo hivyo ni aina gani.