Wingi wa Majina ya Kiingereza katika Soko la Garissa

Atakaye kuwafundisha watoto wa Garissa jinsi majina ya Kiingereza yanavyoingia katika wingi hana haja ya kutafuta mifano ya mbali, maana soko la mifugo la mji huo, lililo miongoni mwa masoko makubwa ya wanyama katika Afrika Mashariki, limekusanya karibu kila kanuni ya mlango huu wa sarufi.

Kanuni iliyo kuu ni kuongeza herufi s mwishoni mwa jina: goat, yaani mbuzi, huwa goats, na camel, yaani ngamia, huwa camels, lakini sikio makini litatambua kwamba ile ya mbuzi hutamkwa s, ilhali ya ngamia hutamkwa z, kwa kuifuata sauti iliyotangulia, na jina liishialo kwa ch, kama ostrich, ambaye ni mbuni, huongezewa silabi nzima, likawa ostriches. Ama calf, ambaye ni ndama, hugeuza f yake kuwa v, akawa calves.

Kisha yapo majina yanayoihalifu kanuni hiyo: ox, yaani maksai, huwa oxen, foot, yaani mguu, huwa feet, na sheep habadiliki kabisa, jambo ambalo halipasi kumstaajabisha asemaye kondoo mmoja na kondoo wawili. Wanafunzi huudhani huu kuwa ukaidi mtupu, kumbe ni masalio ya Kiingereza cha kale, kilichosemwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, ambacho kilikuwa na njia kadha wa kadha za kufanyia wingi, hata njia ya s ilipozidi nguvu ikazimeza nyingine, yakanusurika majina machache, aghalabu yale yaliyotajwa kila siku.

Lakini mwanafunzi ambaye lugha ya mamaye ni Kisomali akiandika two book pasipo s, mwalimu asifanye haraka kumhukumu kwa uvivu. Kisomali kina wingi wake, tena wenye hikima: buug, yaani kitabu, huwa buugag, kwa kuikariri sauti ya mwisho, na dibi, yaani fahali, huwa wengi kwa kuhamisha mkazo wa sauti tu, hata fahali huyu akiwa dibiga, fahali hawa huwa dibida, kwa kiambishi cha jinsi ya kike. Walakini idadi ikishatajwa, jina la kiume hurudi katika sura ya umoja, ikasemwa laba buug, vitabu viwili, kwa kuwa laba imekwisha kuutangaza wingi.

Basi mtoto huyo ameitii sheria ya kwao, na dawa yake ni kuelezwa bayana kwamba Kiingereza hakitosheki na ushahidi wa idadi, bali hulitaka jina nalo lishuhudie. Kisha azoezwe kwa kuhesabu, two goats, ten camels, kabla ya kukaririshwa orodha ndefu. Wala sisi Waswahili tusijione tumesalimika, kwani kwa kuwa mifugo kwetu ni wingi, wengi wetu huandika livestocks, na ilhali neno hilo, livestock, limekwisha kuwabeba wanyama wote wa soko zima bila ya s.