Kome Hajionyeshi: Namna Maji ya Ufugaji Yanavyopimwa

Samaki wa kizimbani maji yakimharibikia, yeye ndiye wa kwanza kufa. Sato wa Ziwa Victoria huanza kudhoofika oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, na kipimo cha maana kwa mfugaji ni cha alfajiri, kwa kuwa usiku mimea ya majini hutumia oksijeni bila kuitengeneza. Mwaka 2022 wafugaji wa upande wa Kenya walipoteza samaki wengi kwa vifo vya ghafla vilivyohusishwa na upungufu huo.

Kome na chaza ni habari nyingine. Hula kwa kuchuja maji, na chaza mmoja mkubwa huweza kuchuja lita zaidi ya 100 kwa siku. Pamoja na chakula hunasa bakteria wa kinyesi, virusi na vijimea vyenye sumu, naye akabaki mzima, nyama yake bila kubadilika rangi, harufu wala ladha. Anayeugua ni mlaji.

Hilo lilidhihirika vibaya mwaka 1987. Kome waliofugwa katika kisiwa cha Prince Edward, mashariki mwa Kanada, waliwadhuru watu zaidi ya 100. Walitapika na kuharisha, kisha baadhi yao wakapoteza kumbukumbu. Angalau watatu walifariki. Sumu iligunduliwa kuwa asidi ya domoiki, itokanayo na vijimea vya Pseudo-nitzschia. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa sasa ni miligramu 20 kwa kilo ya nyama.

Tangu hapo vijimea huviziwa kabla havijaleta madhara. Mpira mrefu huteremshwa hadi kina cha kamba za kome, ukazibwa juu na kupandishwa ukiwa na maji ya kila kina. Sampuli hutiwa matone ya iodini mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi, ili vijimea vife bila kuharibika umbo. Vikishatuama chini ya kichupa, mtaalamu huvihesabu kwa hadubini. Idadi ikipanda, hilo ni onyo tu. Uamuzi wa kufunga shamba hutegemea nyama yenyewe, inayopimwa maabara.

Uchafu wa kinyesi hupimwa kwa bakteria wa E. coli. Katika Umoja wa Ulaya, eneo la daraja A kwa kawaida halizidi 230 katika gramu 100 za nyama, na mazao yake huuzwa moja kwa moja. Daraja B, hadi 4,600, lazima yasafishwe kwanza, kwa mfano katika matangi ya maji safi ya bahari. Daraja C, hadi 46,000, huhamishiwa maji safi kwa miezi 2 au zaidi. Bakteria hutoka upesi matangini, lakini virusi vya noro hung'ang'ania, kwa hiyo hesabu nzuri ya E. coli pekee haitoshi. Mvua kubwa ikifurisha mitaro ya majitaka, ni busara kusitisha uvunaji kabla hata maabara haijatoa jibu.

Moto wa jikoni nao hauivunji asidi ya domoiki. Eneo likitangazwa kufungwa, kome wa hapo wasiliwe, hata wakichemshwa kutwa nzima.