Ekrani inakuwa nyeusi mchezo unapoanza: angalia haya kabla ya kununua ingine

Ordinateri inawaka vizuri. Windows inafunguka, muziki unasikika, hata filamu inaonyesha picha safi. Lakini mara tu kijana anapofungua mchezo wa mpira, ekrani inakuwa nyeusi, ao inaandika maneno machache ya kusema kwamba ishara imepita kipimo, kisha inazimika. Katika vyumba vya michezo ya video vya Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira, mara nyingi hukumu inatoka haraka: ekrani imekufa, tafuta ingine.

Hukumu hiyo inakula pesa. Mwenye chumba cha mashine nne akikosa ekrani moja, amepoteza robo ya viti vyake siku ya Jumamosi, wakati watoto wanajaa. Ekrani ya okazioni inauzwa kwa dola, lakini mchezaji analipa kwa franka. Na jambo la kuumiza zaidi ni pale ekrani ya pili inapofika, inaunganishwa, mchezo unafunguliwa, na giza linarudi vilevile.

Ekrani inayoonyesha Windows bila shida na kukataa mchezo tu, kwa kawaida ni nzima. Kinachobadilika ni kile inachoombwa kufanya. Ekrani nyingi za ofisi zinazouzwa kwetu zinachora picha upya mara 60 kila sekunde, zingine mara 75. Zile za inchi 17 za zamani zina nukta 1280 kwa 1024, na za inchi 19 pana nyingi ni 1440 kwa 900. Mchezo ukiomba nukta nyingi kuliko hizo, ao mara 120 kwa sekunde, ekrani haina namna ya kujibu. Inaonyesha giza.

Ombi hilo la kupita kiasi linatoka wapi? Kwetu michezo mingi inapita kutoka diski ya rafiki mmoja hadi ya mwingine, na wakati mwingine faili ya mipangilio inasafiri pamoja nayo. Rafiki ana ekrani kubwa, mchezo unakumbuka ekrani yake, na unapofika kwako unaendelea kuitafuta.

Dawa ya kwanza hailipwi. Mchezo ukiwa gizani, bonyeza Alt na Entrée pamoja: michezo mingi inarudi ndani ya dirisha dogo, na picha inaonekana. Hapo ingia kwenye mipangilio, punguza nukta, rudisha kwenye 60. Baadhi ya michezo ya mpira, kama PES 2013, ina programu yake ndogo ya mipangilio ambayo inafunguliwa pembeni, bila kuanzisha mchezo wenyewe. Ni pale pa kuchagua dirisha na ukubwa wa picha. Ikishindikana, unganisha mashine na televisheni ya nyumbani inayokubali ishara hiyo, punguza kila kitu ukiwa unaona, halafu rudi kwenye ekrani yako.

Kama picha bado haitoki, angalia kable imechomekwa wapi. Nyuma ya mashine kubwa mara nyingi kuna milango miwili ya picha: mmoja wa ordinateri yenyewe, na mwingine chini zaidi, wa kadi ya picha, ile mafundi wanaita carte graphique. Mwenye kuchomeka kwenye mlango wa juu anaweza kutumia Windows miaka yote bila kujua kwamba kadi aliyolipia haifanyi kazi. Anapojaribu mchezo mzito, unakwama ao haufunguki kabisa.

Kable zenyewe zina udanganyifu wao. VGA na HDMI hazisemi lugha moja, kwa hiyo kakamba kanakounganisha mlango wa HDMI na ekrani ya VGA bila kifaa cha kutafsiri ndani yake hakatatoa picha, hata muuzaji aape. Na ekrani ya 4K inayotumia HDMI ya aina ya 1.4 inaishia picha 30 kwa sekunde. Mchezo unaonekana kuvutavuta na watu wanalaumu kadi.

Umeme ndio sura ngumu zaidi ya tatizo hili. Ukiandika barua, kadi ya picha inasinzia. Mchezo ukianza, inataka nguvu yake yote mara moja. Mahali inapochomekwa panatoa wati 75 tu. Zinazobaki zinatoka kwenye kisanduku cha alimentation kwa nyaya za pembeni, wati 75 kwa waya wa pini sita, 150 kwa ule wa pini nane. Kisanduku dhaifu kinashindwa hapo hapo, na saa za jioni, umeme wa mtaa unaposhuka, ni vibaya zaidi. Alama yake ni rahisi: mashine yote inazima ao kujiwasha upya. Lakini kama sauti ya mchezo inaendelea na wasemaji wa mpira wanaongea gizani, rudi kwanza kwenye mipangilio, kable na kadi. Stabilizateri inasaidia umeme wa mtaa. Haiongezei nguvu kisanduku kilicho kidogo.

Kuna pia joto. Goma imejengwa juu ya lava ya Nyiragongo, na vumbi lake jeusi linaingia kila mahali, hata kwenye feni za kadi. Nukta za rangi na mistari inayotokea baada ya dakika kumi za kucheza, halafu kupotea mashine inapopoa, zinaelekeza huko. Zima, toa waya wa umeme, safisha kwa brashi laini.

Na kama mtu bado anabisha ni ekrani, kuna majaribio matatu ambayo hayahitaji fundi. Kwanza, bonyeza kitufe cha menyu ya ekrani yenyewe: menyu ikitulia safi wakati picha ya mchezo inatetemeka, ekrani haina kosa. Pili, piga picha ya mchezo kwa ordinateri yenyewe, si kwa simu, na uitazame kwenye mashine ingine. Mistari ikiwa imo ndani ya picha hiyo, ilitoka kwenye kadi ao mchezo. Ikiwa haimo, tafuta kwenye kable, mlango wa kadi ao ekrani.

Jaribio la tatu ni la giza kamili. Washa taa ya simu, uielekeze pembeni karibu na kioo cheusi. Ukiona picha hafifu inatembea nyuma yake, basi taa ya ndani ya ekrani ndiyo imekufa, na hapo kweli ni kazi ya fundi. Usiifungue mwenyewe hata kama waya umetolewa ukutani, kwa sababu vipande vya ndani vinaweza kubaki na umeme. Anayenunua ya okazioni abebe taa hiyo hiyo sokoni, pamoja na ordinateri yake na mchezo wake, na aache ucheze robo saa mbele ya muuzaji.