Baridi ya Juni: Jiko la makaa lisilale chumbani

JUNI ikiingia, mkazi wa Nakuru hana haja ya kutazama kalenda. Maji ya bomba asubuhi yanauma vidole, watoto wa shule wamejifunika masweta hadi masikioni, na jioni katika ploti za Kaptembwo, Rhonda na Free Area majiko ya makaa yanapepewa milangoni. Baada ya chakula, swali huwa ni lile lile katika nyumba nyingi: je, tuliingize jiko chumbani tupate joto kidogo kabla ya kulala?

Swali hilo laonekana dogo. Lakini msimu wa baridi nchini Kenya huandamana na habari za kusikitisha za watu waliolala na jiko na wasiamke. Mlango unapovunjwa, hakuna kilichoungua na hakuna harufu yoyote. Kilichowaua ni hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi.

Kwa nini tunaganda?

Mji wa Nakuru uko yapata mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi za Selisiasi. Ndiyo sababu mgeni kutoka Mombasa hutetemeka akishuka basi Nakuru, naye mtu wa Nakuru hutetemeka akifika Molo, iliyo karibu mita 2,500. Kati ya Juni na Agosti jua huwa limeelekea kaskazini ya Ikweta, na usiku mjini joto huweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake.

Nyumba zetu nazo hazikujengwa kwa kufikiria baridi. Mabati yasiyo na dari chini yake hupoteza joto mara jua linapotua, na sakafu ya saruji hunyonya joto la miguu usiku kucha.

Wakati wa kupasha nyumba joto

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu makazi na afya, lilitaja nyuzi 18 kuwa kiwango salama cha chini cha joto ndani ya nyumba katika nchi zenye majira ya baridi. Mtu mzima mwenye afya anaweza kustahimili chini ya hapo akivaa vizuri. Wanaohitaji kuangaliwa zaidi ni watoto wachanga, wazee, na wenye pumu, maradhi ya moyo au ya mapafu.

Kwa hivyo usiamue kwa tarehe. Kipimajoto cha kutundika ukutani kitakueleza ukweli kuliko mazungumzo ya majirani. Kwa mtoto mchanga, usipime baridi kwa kushika viganja vyake, kwani viganja vya mtoto huwa baridi hata akiwa mzima. Mguse kifuani au kisogoni. Mzee anayetetemeka, kisha akaacha kutetemeka huku akianza kuzungumza ovyo na kusinzia, apelekwe hospitali mara moja, maana huenda joto la mwili wake limeshuka chini ya nyuzi 35.

Anza na njia zisizowasha chochote. Fungua madirisha mchana jua liingie, uyafunge na kushusha mapazia kabla halijatua. Tandika mkeka au zulia juu ya saruji. Ukiweza, weka dari chini ya mabati. Vaa nguo kadhaa nyepesi badala ya moja nzito, pamoja na soksi na kofia. Chupa ya mpira yenye maji moto hupasha kitanda vizuri, lakini iondoe kabla ya kumlaza mtoto ili isimuunguze.

Hewa isiyoonekana

Makaa yakiungua bila hewa ya kutosha, hutoa kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu na haina ladha. Ukiivuta, huingia katika damu na kushikamana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo vinakufa njaa ya oksijeni.

Aliye macho huenda akahisi kichwa kikimuuma akatoka nje. Aliyelala hahisi. Usingizi wake huzidi kuwa mzito hadi anazimia.

Imani zinazoua

Wengi husema makaa yakishaiva yakawa mekundu, bila moshi, hayana madhara. Si kweli. Moshi ndio uliokwisha, si sumu. Makaa mekundu yasiyo na moshi ni hatari zaidi kwa kuwa hayakukoseshi raha wala kukukohoza.

Wengine huyafunika kwa majivu yadumu hadi asubuhi. Hapo wanayanyima hewa na kuyafanya yatoe sumu zaidi. Wengine huweka karai la maji chumbani wakidhani maji yatainyonya hewa hiyo. Kaboni monoksaidi haiyeyuki katika maji kwa kiasi cha kumwokoa mtu. Kulala kitandani badala ya sakafuni pia hakusaidii, kwani hewa hii husambaa chumba kizima.

Wenye jiko la gesi nao wasilitumie kupashia chumba kilichofungwa. Nalo likikosa hewa hutoa sumu iyo hiyo. Hita ya umeme haina sumu hii, lakini iwe mbali na blanketi na mapazia, na isichomekwe kwenye waya wa soketi nyingi pamoja na vyombo vingine. Hita ya wati 2,000 hula uniti mbili kwa saa moja, kwa hivyo fikiria pia mfuko wako.

Dalili

Dalili hufanana na za mafua au malaria: kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, uchovu na kuchanganyikiwa. Tofauti ni kwamba aghalabu hakuna homa, watu kadhaa katika nyumba huugua kwa pamoja, na hupata nafuu wakitoka nje. Mama mjamzito awe mwangalifu zaidi, kwani damu ya mtoto aliye tumboni huishika sumu hii kwa nguvu na kuiachilia polepole.

Ukimkuta mtu amezimia karibu na jiko, fungua mlango na madirisha na umtoe nje upesi. Usikae ndani kutafuta chanzo, usije ukaanguka nawe. Piga simu 999 au 112, au mkimbize katika hospitali yenye oksijeni, kama Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nakuru, ambayo wenyeji waliizoea kwa jina la PGH. Usimnyweshe maziwa; hayaondoi sumu hii, na aliyezimia huweza kupaliwa.

Waeleze wahudumu waziwazi kwamba kulikuwa na jiko. Jambo hili ni muhimu, kwa sababu kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakitofautishi damu yenye oksijeni na yenye kaboni monoksaidi. Kinaweza kuonyesha kwamba mgonjwa yu salama ilhali anakufa. Kipimo cha damu ndicho husema kweli. Mtu akivuta hewa ya kawaida, sumu hupungua kwa nusu baada ya saa nne au tano hivi. Akipewa oksijeni tupu, muda huo hushuka hadi kama saa moja na nusu. Hata aliyepona arudi kwa daktari akianza kusahau ovyo au kubadilika tabia wiki kadhaa baadaye.

Kama huna budi

Tunajua kwamba si kila mtu ana pesa za umeme, na chumba kimoja ndicho jikoni, sebule na chumba cha kulala. Basi liwashe jiko nje. Ukiliingiza, mlango na dirisha viwe wazi na kila mtu awe macho. Kabla ya wa kwanza kusinzia, hata akiwa mtoto, litoe nje kabisa, si kwenye kona wala ushoroba, na uyazime makaa kwa mchanga au maji.

Chumba kitapoa, ndiyo. Ongeza blanketi, walaze watoto pamoja, vaeni soksi. Usiku wa Julai ni mrefu, lakini kuna asubuhi yake.