Gari la juu si ngao ya watoto wako

Jumapili ijayo ibada itakapomalizika, simama kidogo katika uwanja wa kuegeshea magari na ufanye hesabu ndogo. Utaona Harrier, X-Trail, RAV4 na Prado zimejipanga safu kwa safu. Kisha utazame jinsi familia moja inavyoingia garini: baba na mama mbele, nyanya nyuma, amempakata mjukuu mchanga, watoto watatu wamebanana kando yake, na wengine wawili wamechuchumaa katika buti. Jumla yao ni watu 9 ndani ya gari lililoundwa kubeba watu 5.

Pembeni mwa uwanja huo huo huenda ipo Noah moja yenye viti 8, ambayo aghalabu bei yake ni ya chini kuliko ya Prado ya umri ule ule. Basi kwa nini familia ile haikununua Noah?

Swali hili laonekana kuwa la wauza magari. Ukweli ni kwamba ni swali la afya pia. Tangu mwaka 2021, ajali za barabarani zimewaua Wakenya zaidi ya 4,000 kila mwaka, na wengine wengi hubaki na majeraha ya kudumu. Gari ambalo familia huchagua, na jinsi inavyoketi ndani yake, ni miongoni mwa mambo yanayoamua nani atatoka mzima ajali inapotokea.

Chanzo cha mtindo huu

Vani ya familia kama tunavyoijua leo ilianza kupata umaarufu mwishoni mwa mwaka 1983, kampuni ya Chrysler ilipotoa Dodge Caravan na Plymouth Voyager huko Marekani. Mwaka 1984, Renault ilitoa Espace kule Ufaransa. Magari haya yalikuwa na sakafu ya chini, nafasi tele na viti vya kutosha watu 7. Wazazi wa Marekani waliyapenda mno.

Hata hivyo, watoto waliokulia ndani ya vani hizo walipokuwa wazazi, wengi wao waliziona kuwa gari la mama wa kupeleka watoto shuleni na kurudi na vikapu vya sokoni. Hakuna kijana aliyetaka kuonekana hivyo. Ford ilipotoa Explorer mwaka 1990, ilikuta wanunuzi wakiwa tayari. Hapo palikuwa na gari lenye viti vya familia lakini lenye sura ya kwenda porini. Isitoshe, sheria za Marekani kuhusu matumizi ya mafuta ziliyaweka magari hayo katika kundi la malori madogo, ambalo masharti yake yalikuwa mepesi. Kampuni zikapata faida kubwa na zikamwaga fedha katika matangazo. Mwanahabari Keith Bradsher alieleza historia hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2002, High and Mighty.

Hapa kwetu mambo yana sura yake. Magari mengi tunayonunua ni mitumba kutoka Japani, ambayo kisheria hayapaswi kuzidi umri wa miaka 8 yanapoingizwa nchini. Katika meli hizo hizo huja Noah, Voxy na Wish. Lakini magari haya yaliingia pia katika biashara ya kubeba abiria, hasa katika barabara za mashambani na kati ya miji. Matokeo yake ni kwamba mwenye Noah akisimama kando ya barabara kujibu simu, huenda akaulizwa nauli ni pesa ngapi. Mtu aliyesota miaka kumi kazini hapendi kuulizwa hivyo. Anataka gari litakalomfungulia lango hotelini na kumpa kiti cha mbele harusini.

Hofu na heshima

Mimi siwacheki wanaofikiri hivyo. Heshima ni hitaji la binadamu, na hofu ya barabara zetu ina msingi. Mashimo ni mengi, matuta hujengwa bila alama, na Desemba inapofika ni lazima tufike mashambani, mvua inyeshe isinyeshe. Anayeishi mahali ambapo kipande cha mwisho cha barabara ni tope la utelezi ana haki ya kutaka gari lililoinuka.

Lakini tupime neno hilo vyema. Gari kuwa juu ni jambo moja, na gari kusukumwa na magurudumu yote manne ni jambo lingine. Baadhi ya Harrier na X-Trail zilizoko mijini husukumwa na magurudumu mawili tu, sawa na gari dogo la kawaida. Mwenye gari kama hilo akinasa matopeni atasukumwa na vijana wale wale wanaosukuma Probox.

Hofu kuu ya wazazi hata hivyo ni ajali. Mzazi akiketi juu, akaona paa za magari mengine chini yake, huhisi amezingirwa na ukuta. Je, hisia hiyo ni kweli?

Ni kweli nusu. Magari mawili yanapogongana, lile zito huwalinda zaidi waliomo. Hiyo ni kanuni ya fizikia. Lakini barabara zetu kuu zimejaa malori na mabasi, na mbele ya trela hata Prado ni gari jepesi. Pia kimo kina gharama yake. Gari la juu lina uzito wake juu, na likipindishwa ghafla au gurudumu likipasuka kwa kasi, hubingiria kwa urahisi zaidi kuliko gari la chini.

Mwaka 2006 jarida la kitabibu la Pediatrics lilichapisha utafiti wa madaktari wa Marekani uliolinganisha watoto waliopata ajali ndani ya magari ya SUV na wale waliokuwa katika magari ya kawaida. Kwa jumla, hatari ya kuumia ilikuwa sawa. Faida iliyoletwa na uzito ilimezwa na kubingiria, kwani SUV zilibingiria zaidi ya mara mbili ya magari ya kawaida. Jambo lililonigusa zaidi ni hili: gari lilipobingiria, mtoto ambaye hakufungwa ipasavyo alikuwa katika hatari ya kuumia mara 25 zaidi ya yule aliyefungwa vyema.

Ni haki kuongeza kwamba magari mapya zaidi yana mfumo wa kielektroniki unaozuia kuteleza, ambao umepunguza sana ajali za kubingiria. Lakini gari la mtumba laweza kuwa nao au lisiwe nao, na kimo chake hakikuambii lolote kuhusu jambo hilo.

Mapaja si kiti

Turudi kwa nyanya aliyempakata mjukuu. Wengi huamini kwamba mikono yenye upendo yatosha. Gari lililo katika kasi ya kilomita 50 kwa saa likisimamishwa ghafla na kizuizi, mtoto wa kilo 10 husukumwa mbele kwa nguvu inayoweza kuzidi uzito wa kilo 200. Hakuna mikono iwezayo kushika mzigo huo. Mtoto huponyoka, au hubanwa kati ya aliyempakata na kiti cha mbele.

Wale wawili katika buti wamo hatarini zaidi. Hawana kiti, hawana mkanda, na kilicho kati yao na gari linalowagonga kutoka nyuma ni bati na kioo. Gari likibingiria, hurushwa humo ndani kama maharagwe katika kibuyu, au hutupwa nje kabisa.

Hapa ndipo vani huishinda SUV ya viti 5 bila ubishi. Familia ya watu 7 katika gari la viti 7 kila mmoja ana mkanda wake. Ni kweli Prado nyingi nazo zina viti 7 au zaidi, na mwenye uwezo wa kununua na kuitunza hatakosea kwa hesabu ya viti. Tatizo ni familia kubwa inayojinyima ili kununua SUV ndogo, kisha ikajaza watu kupita kiasi kila mwisho wa juma.

Magoti, migongo na watoto uani

Kuna mambo mengine ambayo hayaandikwi katika matangazo. Mzee mwenye ugonjwa wa viungo hupata shida kubwa kupanda gari la juu. Goti linalouma hulazimika kuinua uzito wote wa mwili, na kushuka ni hatari zaidi kuliko kupanda, kwani mguu hutafuta ardhi bila kuiona. Mkongwe mwenye mifupa dhaifu akianguka hapo anaweza kuvunja nyonga. Mama mjamzito aliyekaribia kujifungua anakijua kibarua hicho vizuri. Mlango wa kuteleza na sakafu ya chini humwezesha mtu kuingia kama aingiaye nyumbani, na mzazi humfunga mtoto mkanda bila kujipinda mgongo.

La pili ni watoto walio nje ya gari. Kadiri boneti inavyokuwa juu, ndivyo sehemu ya mbele isiyoonekana na dereva inavyopanuka. Mtoto wa miaka 2 akisimama mbele ya boneti ndefu anaweza kutoweka kabisa machoni pa dereva. Nyuma ya gari hali ni hiyo hiyo, na katika viwanja vya nyumba zetu watoto hukimbilia gari la baba wasikiapo injini.

Halafu kuna watembeao kwa miguu, ambao ndio kundi kubwa zaidi la wanaouawa barabarani humu nchini. Mwaka 2023 taasisi ya usalama barabarani ya kampuni za bima nchini Marekani, IIHS, ilitangaza kwamba magari yenye boneti iliyozidi kimo cha sentimita 100 hivi huelekea kumuua mtembea kwa miguu anayegongwa kwa kiwango cha asilimia 45 zaidi ya magari yenye boneti fupi iliyoinama. Sababu yaeleweka kwa daktari yeyote. Boneti fupi hugonga miguu. Boneti ndefu hugonga kifua na tumbo, na kwa mtoto, kichwa.

Vani nayo ina kasoro zake

Usinielewe vibaya, msomaji. Sisemi kila vani ni salama. Safu ya mwisho ya viti hukaa karibu na kioo cha nyuma. Baadhi ya vani za zamani zina injini chini ya viti vya mbele na pua fupi, hivyo miguu ya dereva haina kinga ya kutosha. Viti vya katikati mara nyingine vina mkanda wa kiunoni pekee. Mkanda huo ni afadhali kuliko kukosa, lakini ukipanda juu ya tumbo la mtoto waweza kuchana utumbo au kuvunja uti wa mgongo.

Mbaya zaidi ni vani zilizowahi kuongezewa viti katika karakana ili zibebe abiria zaidi. Kiti kilichochomelewa tu kwenye bati hung'oka ajali inapotokea. Ukiona alama za kuchomelea sakafuni, ondoka.

Kabla ya kutoa pesa

Unapokwenda kununua gari, liwe la juu au la chini, fanya haya:

1. Hesabu watu ambao husafiri nawe mara kwa mara, kisha uhesabu mikanda inayofanya kazi, hasa ile inayopita begani na kiunoni. Mikanda ikipungua, gari hilo si lako.

2. Nenda na nyanya au babu. Mwombe apande na kushuka mara mbili.

3. Tafuta alama ya ISOFIX katika viti vya nyuma. Hapo ndipo kiti cha mtoto hufungwa kwa uthabiti. Usiweke kamwe kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko huo ukifumuka unaweza kumuua.

4. Uliza kama gari lina mfumo wa kuzuia kuteleza. Ukiwasha gari, taa yake yenye picha ya gari linaloteleza huwaka kidogo kisha huzima.

5. Soma tarehe ya magurudumu. Tarakimu nne za mwisho ubavuni ni wiki na mwaka wa kuundwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gurudumu kuukuu laweza kung'aa na bado likapasuka.

6. Kaa kwenye usukani na umwombe mtu asogeze ndoo mbele na nyuma ya gari. Tambua mahali inapopotea, na uwakumbuke watoto wako.

Ukishanunua, watoto wote wakae nyuma, kila mmoja na mkanda wake, hata kama ni safari ya kwenda dukani. Walio chini ya kimo cha sentimita 135 wahitaji kiti chao au kiti cha kuwainua, ili mkanda upite kifuani badala ya shingoni.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Majirani wataliangalia gari lako kutoka nje, lakini watoto wako watakuwa ndani. Mtoto aliyefungwa vyema katika Noah kuukuu yu salama zaidi kuliko aliyechuchumaa katika buti ya gari la mamilioni. Ukiweza kupata heshima na usalama pamoja, hongera. Ukilazimika kuchagua kimoja, chagua kile kitakachowafikisha wote nyumbani.